Bruda ya Vifaranga Nje ya Nyumba, Baridi ya Molo Ikikaza

Kuanzia Juni hadi Agosti, simu za wafugaji wa Molo na Elburgon, nyanda za juu za Kenya, hunifikia kabla jua halijachomoza. Vifaranga mia waliingizwa jana katika bruda, yaani mahali pa kuwalea kwa joto, leo ishirini wamekufa. Wengi humlaumu aliyewauzia. Nikifika, mara nyingi nakuta banda limezibwa kila tundu kwa nailoni, jiko la makaa limewekwa katikati, na hewa ni nzito hata mimi kichwa kinaanza kuniuma. Hao wameuawa na hewa ya makaa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na makaa yaliyokolea mpaka moshi ukaisha bado huitoa. Ndiyo sababu sichoki kurudia: ziba upepo wa chini, acha hewa ya juu itoke.

Banda la nje lijengwe mgongo wake ukielekea upande upepo unakotoka. Kuta ziwe nzima kutoka chini hadi kimo cha kiuno. Juu yake weka waya na pazia la gunia linaloshushwa usiku. Chini ya paa acha nafasi ya kiganja isiyofunikwa kamwe. Mabati matupu hupoteza joto upesi, kwa hiyo tandika dari ya magunia au nyasi kavu, mbali na moto.

Ndani, zungusha ukuta wa hadibodi wenye kimo cha sentimita 45. Kwa vifaranga mia, duara la upana wa mita 2 linatosha kwa kuanzia. Usiwape pembe, kwani wakipatwa na baridi hurundikana hapo na wa chini hukosa pumzi. Sakafuni mwaga maranda makavu, unene wa sentimita 5 hadi 10. Vumbi la mbao silipendi, maana vifaranga hulidonoa wakidhani ni chakula.

Joto la wiki ya kwanza liwe nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, likipimwa pale mgongo wa kifaranga unapofika. Kisha punguza kama nyuzi 3 kila wiki. Mwenye stima anaweza kutumia balbu ya joto ya wati 250, ining'inizwe kwa mnyororo, si kwa waya wake wa umeme, na ipandishwe kadiri wanavyokua. Mwenye jiko aliwashie nje, aliingize makaa yakishakolea, alizungushie waya ili lisiunguze maranda, na asisahau ile nafasi ya juu. Anza kupasha banda siku moja kabla, maranda yapate joto hadi chini. Stima ikipotea usiku, mtungi wa lita 5 wenye maji ya moto, ukifungwa kwa gunia, huwasaidia kwa saa kadhaa. Kila nyumba yenye bruda iwe nao tayari.

Kipimajoto ni kizuri, lakini mimi huwaamini zaidi vifaranga wenyewe. Wakirundikana chini ya balbu wakilia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukutani, midomo wazi, mabawa yamelegea, joto limezidi. Wakijibana upande mmoja tu, upepo unaingia upande wa pili. Piga magoti, weka mkono pale chini, utausikia. Wakitawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala wamenyoosha shingo, usiguse kitu.

Wiki ya nne manyoya huwa yamewafunika, na kwingine joto huondolewa hapo. Huku juu, karibu mita 2,500 kutoka usawa wa bahari, mimi huwaachia la usiku wiki moja zaidi. Na siku tatu za kwanza, tafadhali, amka saa kumi alfajiri ukawachungulie, maana baridi hukaza wakati ule ambapo makaa ya jioni yameshakuwa majivu.