Jinsi ya kuandaa urari na kusaka tofauti pande zisipolingana

Urari ni orodha ya masalio ya akaunti zote kwa tarehe moja, debiti upande mmoja na krediti upande wa pili. Mfano wetu ni duka la vifaa vya ujenzi lililofunguliwa Januari, linalofunga hesabu tarehe 30 Juni.

Hatua ya 1: Sawazisha kila akaunti. Jumlisha pande zote mbili, toa ndogo kwenye kubwa. Salio ni la upande uliozidi. Pitia na daftari la fedha. Fedha taslimu na benki hazikai ndani ya leja yenyewe (daftari la akaunti nyingine), kwa hiyo ni rahisi sana kuzisahau.

Hatua ya 2: Panga masalio (shilingi).

Debiti
Fedha taslimu 640,000
Benki 2,150,000
Wadaiwa 870,000
Samani 1,200,000
Manunuzi 5,400,000
Mishahara 900,000
Kodi ya pango 600,000
Fedha alizochukua mwenye duka 300,000
Jumla 12,060,000

Krediti
Mtaji 4,000,000
Mauzo 7,100,000
Wadai 960,000
Jumla 12,060,000

Mali na gharama hukaa debiti. Mtaji, madeni na mapato hukaa krediti. Mzigo uliobaki stoo tarehe 30 Juni usiuweke humu. Huo unaingia baadaye, unapotafuta faida.

Hatua ya 3: Pande zisipolingana, usianze kupekua risiti. Jumlisha upya, safari hii kutoka chini kwenda juu. Jumla zikibaki vilevile, toa ndogo kwenye kubwa na uichunguze tofauti yenyewe, maana mara nyingi inakuonyesha kosa lilipo.

Tuseme debiti ni 11,460,000 na krediti 12,660,000. Tofauti ni 1,200,000. Kwanza tafuta salio la kiasi hicho hicho: samani ni 1,200,000, je, imo kwenye orodha? Kama imo, gawa tofauti kwa 2. Unapata 600,000, ambayo ni kodi ya pango, na ukitazama utaikuta imeandikwa krediti. Salio likikaa upande usio wake hupunguza upande mmoja na kuongeza wa pili, ndiyo maana tofauti huwa mara mbili ya kiasi chake.

Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku tarakimu. Wadaiwa 870,000 wakiandikwa 780,000, tofauti ni 90,000. Gawa kwa 9 upate 10,000. Tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi kwenye makumi elfu na laki, zinazopishana kwa moja: 8 na 7. Sifuri ikidondoka nayo inaonekana hivyo hivyo. Fedha taslimu 640,000 ikiandikwa 64,000, tofauti ni 576,000, na ukigawa kwa 9 unapata 64,000, yaani namba yenyewe iliyokosewa.

Njia zote zikishindikana, rudi kwenye leja na uhakiki kila ingizo, ukiweka alama ya vyema pale debiti inapokuta krediti yake. Kuiweka tofauti kwenye akaunti ya muda kunaruhusiwa, mradi uifute kabla ya kufunga mwaka. Kuiacha humo ni kuficha kosa.

Hatua ya 4: Zikilingana, kagua bado. Urari hauoni mauzo yasiyoandikwa kabisa, wala mashine ya kukatia vyuma iliyoingizwa kwenye manunuzi badala ya vifaa vya kudumu, wala makosa mawili yanayofutana. Wanaotumia programu ya kompyuta wawe makini zaidi: programu nyingi hazikubali ingizo lisilolingana, kwa hiyo jumla sawa si ushahidi wa usahihi. Tazama salio moja moja na uliulize kama linawezekana. Benki inaweza kuwa krediti, ikiwa imekuruhusu kutoa zaidi ya kilichomo. Mdaiwa mmoja naye anaweza, akilipa kabla ya kuchukua mzigo. Fedha taslimu haiwezi kamwe, kwa sababu droo haiwezi kutoa noti ambazo hazimo. Ukiikuta krediti, kuna mapokezi hayajaandikwa au malipo yameandikwa mara mbili.