Somo: Kutumia arafa kumsaidia mgonjwa wa kisukari asiache dawa

Somo hili ni la wahudumu wa afya ya jamii, vikundi vya wagonjwa na familia za Kisumu na kaunti jirani. Wanaoacha dawa si wakaidi. Sukari iliyopanda huweza kukaa mwilini miezi mingi bila kuuma popote, na wakati huohuo nauli ya kwenda kliniki inashindana na karo. Kwa hiyo arafa inayoamuru tu haitoshi. Kinachosaidia ni arafa inayouliza, na mtu aliye tayari kupokea jibu.

Ushahidi wa karibu ulipatikana Chulaimbo, hapa hapa Kisumu, ingawa ulihusu dawa za virusi vya ukimwi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba, kwa muda wa wiki 48, asilimia 53 ya waliopokea arafa mara moja kwa wiki walimeza angalau asilimia 90 ya dozi zao, ilhali miongoni mwa wasiopokea ilikuwa asilimia 40. Arafa za kila siku hazikuleta nafuu hiyo. Naamini kinachojirudia kila siku huishia kupuuzwa.

Hatua ya kwanza: omba idhini, kisha uliza simu ni ya nani na nani mwingine huisoma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 huhesabu habari za afya kuwa data nyeti.

Hatua ya pili: mwombe mgonjwa amwage mfuko wake wa dawa mezani, akueleze kila kidonge anakimeza lini na baada ya kula nini. Usiruke hatua hii. Metformini humezwa pamoja na chakula ili isisumbue tumbo, lakini glibenklamidi ni hatari zaidi, kwa kuwa huendelea kushusha sukari hata kama mtu hajala. Mama anayeuza omena Kibuye na ambaye hula mlo wake wa kwanza saa saba mchana anaweza kuzirai kwa kutii arafa ya asubuhi inayosema “Meza dawa sasa.”

Hatua ya tatu: andika ujumbe usiozidi herufi 160, usiotaja ugonjwa. Mfano: “Habari ya wiki, mama? Mambo yanaendaje? Jibu SAWA au SHIDA.” Mtindo huu unafanana na ule uliojaribiwa Nairobi na Kajiado, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2010: wagonjwa waliulizwa “Mambo?” kila wiki, nao walitakiwa kujibu ndani ya saa 48. Tumia nambari ileile daima, maana watu wamechoshwa na matapeli.

Hatua ya nne: chagua siku moja ya wiki, saa ambayo mgonjwa ameshatulia. Ongeza arafa nyingine siku tano kabla ya dawa kwisha, apate muda wa kutafuta nauli.

Hatua ya tano: panga ni nani atakayepiga simu. Aliyejibu SHIDA apigiwe siku hiyohiyo, na aliyenyamaza siku mbili apigiwe pia. Usianze na “Mbona humezi dawa?” Uliza “Vimebaki vidonge vingapi?”, kwa sababu swali hilo hujibika bila aibu. Andika jibu kwenye daftari na ulipeleke kliniki.

Maswali ya wanachama

*Sista, mama yangu yuko Ahero, hajui kusoma, na simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe. Nifanyeje?*

Mpigie siku ileile kila wiki, mzungumze kwa Dholuo. Kwa dozi za kila siku, mtegee kengele ya simu saa ya chakula chake. Mjukuu asimsomee arafa zake mpaka mama mwenyewe akubali.

*Tuna mzee hapa Molo anayejibu SAWA kila wiki, lakini sukari yake haishuki. Je, anatudanganya?*

Msianze na shaka hiyo, ndugu. Huenda anameza kila kidonge na dozi haimtoshi, jambo ambalo daktari ndiye wa kulirekebisha. Kama anajidunga insulini, tazameni anaiweka wapi: chupa nyingi zikishafunguliwa hudumu takriban siku 28 mahali penye ubaridi, si dirishani penye jua. Mtungi wa udongo unaolowanishwa kwa maji husaidia pasipo na friji.

*Mume wangu hutetemeka na kutoka jasho baada ya dawa ya asubuhi. Tuko Kakamega. Nimjibie SHIDA?*

Dada, hiyo ni dalili ya sukari kushuka, na arafa haiwezi kungojewa. Kama ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari katika maji, mpime sukari baada ya dakika 15, umpe tena kama bado iko chini ya 4 mmol/L, kisha ale chakula. Akipoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitalini. Hata akipata nafuu, pigia kliniki leo, kabla ya dozi inayofuata, waiangalie upya dawa hiyo.

*Kwa nini tusitumie kundi la WhatsApp kwa wote?*

Kundi linafaa kutangaza siku za kliniki. Dozi zisiandikwe humo, kwani wanachama huanza kuigana.