Likizo ya baridi na mtoto anayelia kwa kila kitu

Shule zikifungwa msimu wa baridi giza linaingia mapema, mnashinda ndani, mara mtoto anaangua kilio kisa soksi imepinda. Sio kudeka huko jamani, ratiba yake imevurugika. Anza na usingizi, wa miaka 3 mpaka 5 anahitaji masaa 10 hadi 13 ukijumlisha na wa mchana, kwa hiyo usimwache akeshe na tivii eti ni likizo. Akilipuka chuchumaa macho yenu yalingane, mwambie mfano "umekasirika mnara wako wa kuchezea umeanguka eh?" halafu nyamaza, usianze kuhubiri (hapa ndo wengi tunafeli). Nje atoke kila siku, mvalishe koti tu. Shule ikikaribia, kila siku mwahishe kulala dakika 15 zaidi ya jana yake.