Somo: Kuendesha FreeRTOS ndani ya RAM ya kilobaiti 2

Arduino Uno ya kawaida, bodi ndogo ya kuendeshea vifaa kwa programu, ina chipu ya ATmega328P: megahezi 16, kilobaiti 32 za programu, na RAM ya baiti 2,048 tu. Humo ndimo tutaingiza FreeRTOS, mfumo endeshi alioanzisha Richard Barry mwaka 2003, unaozigawia kazi kadhaa zamu za kutumia chipu moja. Unaenea vizuri, mradi ujue kila baiti inakwenda wapi. Mfano wangu ni pampu ya tangi la maji: kazi ya kwanza inapima kina, ya pili inawasha na kuzima pampu, ya tatu inatuma taarifa kwenye kompyuta.

Hatua ya 1. Kwenye Arduino IDE, upande wa laibrari, tafuta FreeRTOS inayotunzwa na Phillip Stevens, uisakinishe. Juu ya programu yako ingiza Arduino_FreeRTOS.h.

Hatua ya 2. Piga hesabu kabla ya kuandika chochote. Kila kazi inadai steki yake, yaani sehemu ya RAM ya kuwekea vigezo vyake vya muda, na kwenye chipu hii steki inahesabiwa kwa baiti. Ukiipa kazi baiti 128, usidhani zote ni zako. Zamu inapobadilika, rejista zote 32 (vihifadhi vidogo vya ndani ya chipu), rejista ya hali na anwani ya kurudia huhifadhiwa humo humo: baiti 35 zimeondoka. Intarapti, yaani miito ya ghafla inayokatiza kazi, nazo hutumia steki ya kazi iliyokutwa ikiendelea. Maandishi ya kuchapisha yafunge kwa F() ili yabaki kwenye flashi (kumbukumbu ya programu), na String za Arduino, aina yake ya maandishi, ziache kabisa.

Hatua ya 3. Ndani ya setup, unda kila kazi kwa xTaskCreate: jina la fanksheni, jina la kazi, steki, NULL (yaani tupu), kipaumbele, NULL. Fanksheni yenyewe iwe kitanzi kisichoisha. Ikifika mwisho ikatoka, mfumo unaanguka. Loop iache tupu.

Hatua ya 4. Badala ya delay tumia vTaskDelay, ukigawa milisekunde kwa portTICK_PERIOD_MS. Hapa wengi hunaswa, nami nilipoteza jioni nzima. Saa ya laibrari hii ni ya wochidogi, kipima muda cha ndani ya chipu, na tiki moja, yaani pigo moja la saa hiyo, ni kama milisekunde 16. Ukiomba milisekunde 10, mgawanyo wa namba kamili unaleta sifuri: kazi hailali, na zilizo chini yake kwa kipaumbele hazipati zamu.

Hatua ya 5. Linda namba inayosomwa na kazi zaidi ya moja. Chipu ni ya biti 8, kwa hiyo int inasomwa kwa mafungu mawili. Kina kikipanda kutoka 255 hadi 256 katikati ya kusoma, unaweza kupata 511 au 0, na pampu ikawaka tangi likiwa limejaa. Zungushia taskENTER_CRITICAL na taskEXIT_CRITICAL ili usomaji usikatizwe, au tumia foleni ya FreeRTOS ya kupitishia data kati ya kazi.

Hatua ya 6. Acha programu iende, kisha ndani ya kila kazi chapisha uxTaskGetStackHighWaterMark. Inakuonyesha kiasi cha steki ambacho hakijawahi kuguswa. Punguza au ongeza kwa kipimo hicho.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nimefuata yote, lakini taa ya bodi inawaka na kuzima polepole yenyewe, pampu haijibu.

Jibu: Steki ya kazi mojawapo imefurika, laibrari inakuarifu kwa taa hiyo. Ingepepesa harakaharaka, ingekuwa RAM imekataa kugawika. Anza na kazi inayochapisha, mara nyingi ndiyo yenye njaa. Ipe steki ya baiti 192.

Swali: Kwa nini tusitumie millis tu, ile fanksheni ya Arduino ya kuhesabu milisekunde?

Jibu: Kwa kazi mbili fupi, tumia millis, ndugu yangu, wala usijisumbue. FreeRTOS inafaa pale kazi moja inaposubiri muda mrefu na nyingine haiwezi kuingoja.

Swali: Nina chipu ndogo za ATtiny85 kadhaa zimelala kwenye droo. Zitabeba?

Jibu: RAM yake ni baiti 512, usihangaike na FreeRTOS. Jaribu protothreads, nyuzi nyepesi za programu za Adam Dunkels, yule wa mfumo endeshi wa Contiki: kila uzi unataka baiti 2 tu za kukumbuka ulipoishia, kwa kuwa zote zinatumia steki moja. Ila vigezo vya ndani ya fanksheni hupotea kila uzi unaposubiri, hivyo viandike static.