Jinsi ya kukokotoa kasi ya kuoza kwa beta na kuifuata hadi kwenye elementi nzito

Sehemu kubwa sana ya dhahabu iliyochimbwa Sekenke wilayani Iramba, pamoja na urani yote iliyomo katika ardhi ya Bahi na Manyoni, viini vyake vilijengwa kabla Jua letu halijazaliwa, mahali palipofurika nyutroni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dodoma, au mwalimu wa kidato cha sita popote Dodoma na Singida, ambaye ana kompyuta yenye programu ya lahajedwali na angependa kukokotoa mwenyewe badala ya kusoma tu kwamba jambo hilo hutokea.

Wazo lenyewe lilielezwa mwaka 1957 na wanasayansi Margaret na Geoffrey Burbidge, Fowler na Hoyle, na mwaka huohuo mwenzao Cameron akalifikia kwa njia yake. Kiini kilichozungukwa na nyutroni nyingi huzinasa haraka kuliko kinavyoweza kuoza, mpaka kifike pahali ambapo nyutroni ya ziada haishikiki tena. Hapo hulazimika kusubiri nyutroni yake moja igeuke protoni, huku elektroni na antinyutrino zikitoka, ndipo safari iendelee; kugeuka huko ndiko kuoza kwa beta. Tarehe 17 Agosti 2017 wanaastronomia waliona nyota mbili za nyutroni zikigongana katika galaksi ya NGC 4993, na mwanga uliofuata ulionyesha dalili za elementi nzito zilizotoka kuundwa.

Anza kwa kutafuta nusu uhai za viini, yaani muda ambao nusu ya viini vya aina moja huoza. Jedwali la NUBASE2020 linapatikana bure, na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lina chati ya nuklidi (aina za viini) inayofunguka hata kwenye simu. Kabla ya kunakili namba yoyote, angalia kama ina alama ya #, kwa sababu alama hiyo inamaanisha kwamba thamani imekadiriwa kutokana na mwelekeo wa viini jirani na haijapimwa. Zitenganishe namba za aina hizo mbili katika safuwima tofauti tangu mwanzo, kwa kuwa ukizichanganya hutaweza baadaye kujua kosa limetoka wapi.

Chukua viini vitatu vyenye nyutroni 82, idadi inayokifanya kiini kiwe kigumu kupokea nyutroni nyingine: paladiamu-128, fedha-129 na kadimiamu-130. Vipimo vilivyofanyika katika taasisi ya utafiti ya RIKEN nchini Japani, na kuchapishwa mwaka 2015, vinatoa nusu uhai za takribani milisekunde 35, 52 na 127. Kasi ya kuoza hupatikana kwa kugawa 0.693 kwa nusu uhai iliyo katika sekunde, kwa hiyo utapata takribani 19.8, 13.3 na 5.5 kwa kila sekunde.

Sasa chukulia kwamba mtiririko umetulia, yaani idadi ya viini vinavyoingia katika kila kituo (kiini kinachosubiri kuoza) ni sawa na ya vinavyotoka. Hali ni ileile ya malori kwenye mizani ya barabara kuu: mizani inayopima polepole ndiyo yenye foleni ndefu. Kihesabu, wingi wa kila kiini ukizidishwa kwa kasi yake hutoa namba moja isiyobadilika, na kwa hiyo wingi unalingana moja kwa moja na nusu uhai. Ukiipa kadimiamu thamani ya 1, fedha inapata 0.41 na paladiamu 0.28.

Hapa ndipo thamani ya kipimo kizuri inapoonekana. Kwa miaka mingi nusu uhai ya kadimiamu-130 ilichukuliwa kuwa milisekunde 162. Badilisha namba hiyo moja iwe 127, na foleni ya kadimiamu inapungua kwa asilimia 22. Zaidi ya hayo, baadhi ya nadharia zilikuwa zimerekebishwa ili zilingane na thamani ile ya zamani, hivyo makadirio ya viini jirani nayo yalivutwa upande uleule.

Kwa kiini ambacho hakijapimwa, tumia kanuni ya Sargent: kwa makadirio ya haraka, kasi hufuata kipeo cha tano cha nishati inayotolewa. Kosa la nusu megaelektronivolti (kizio cha nishati) katika 8 hubadilisha kasi kwa takribani asilimia 35, na kwa kuwa nishati hiyo hutokana na tofauti ya masi za viini, masi hizo zinapaswa kupimwa kwa uangalifu uleule. Kanuni hii isitegemewe sana karibu na nyutroni 126, ambako chimbuko la dhahabu liko, kwani huko mabadiliko ambayo kwa kawaida huzuiliwa huchangia sehemu kubwa ya kuoza, na nusu uhai ya thuliamu-195, ambayo ni kituo muhimu, bado haijapimwa.

Mwishoni linganisha matokeo yako na maumbile yenyewe. Paladiamu-128 ikioza hatua kwa hatua huishia kuwa teluriamu-128, na kadimiamu-130 huishia teluriamu-130. Katika teluriamu ya kawaida isotopu hizo ni asilimia 31.7 na 34.1, uwiano wa 0.93, ilhali hesabu yako imetoa 0.28. Usiirekebishe hesabu kwa nguvu ili zilingane. Ongeza kwanza safuwima ya uwezekano wa kiini kutoa nyutroni baada ya kuoza, kwa sababu kila nyutroni inayotoka huhamisha kiini kutoka uzito mmoja kwenda ulio chini yake, na nyutroni hizo hizo hunaswa tena na viini vingine. Kisha acha dhana ya mtiririko uliotulia na uandike mlinganyo wa mabadiliko kwa kila kiini, ukiendesha muda kwa hatua za milisekunde moja, huku msongamano wa nyutroni ukipungua hadi kuisha. Rudia kwa misongamano kadhaa ya kuanzia, kwa kuwa mata inayorushwa na nyota zinazogongana haiwi na hali moja, kisha jumlisha matokeo na uangalie uwiano unasogea upande gani.