Manchester: jisajili kwa GP kabla hujaumwa, na uombe mkalimani

Jamani kwa mliofika Manchester juzijuzi, awe Mtanzania, Mkenya, Mkongo, Mrundi, hata kabla ya kuhangaikia kazi nendeni mkajisajili kwa GP (daktari wa kawaida wa mtaani, ndo unaanzia kwake) wa karibu na mnapokaa. Ni bure, na hawaruhusiwi kukukataa eti huna paspoti, au bili yenye jina lako, au viza yako haijakaa sawa. Wataomba hivyo vitu, ukiwa navyo toa, ila kukosa sio kosa. Mimi nilirudishwa mapokezini sababu nyumba ilikuwa kwa jina la shemeji, nikanyamaza nikaondoka, nikakaa na kifua kinabana miezi mizima. Wewe usiondoke, mwombe meneja wa pale uongee nae.

Sasa hili la mkalimani ndo linaniuma sana. Nilimsindikiza dada mmoja kwa daktari, kaja na binti yake wa miaka 11 atafsiri. Daktari anauliza hedhi inatoka siku ngapi, mtoto anaangalia viatu vyake, mama anamwambia "we mwambie tumbo tu." Tukarudi nyumbani na panadol. Mara ya pili tuliomba mkalimani wa kike, akapatikana kwa simu, dada akafunguka yote, akapelekwa altrasaundi na kumbe ana faibroidi, yaani uvimbe kwenye kizazi.

Mkalimani hulipii hata senti, ila mwombe siku ileile unayochukua miadi, usingoje ukifika. Taja na Kiswahili chako, kama umetokea Bukavu au Lubumbashi sema kabisa Kiswahili cha Kongo maana mkipewa mtu wa Unguja mtapishana. Na kwa kuwa miadi ya kawaida ni kama dakika 10 tu na kutafsiri kunakula nusu, omba wakupe miadi moja yenye muda mara mbili.

Usiku ukizidiwa piga 111, ikiwa roho iko hatarini 999, na kote huko ukitaja Kiswahili watakutafutia mtu. Dawa mwaka 2025 zilikuwa pauni 9.90 kwa kila aina, kipato kikiwa kidogo jaza fomu ya HC1 unaweza usilipe kabisa. Hospitali kubwa ndo wanaweza kukudai kama huna vibali, lakini kutibiwa pale idara ya emajensi (A&E), TB na HIV ni bure kwa kila mtu, kwa hiyo msijifiche na ugonjwa. Wenye HIV hapa mjini kuna George House Trust, wanatunza siri. Kuna pia CAHN, wanashughulika na afya za Waafrika na Wakaribi, watafuteni.

Na nyie akina baba, hapa Uingereza mwanaume mweusi 1 kati ya 4 hupata saratani ya tezi dume. Ukigonga 45 muulize GP wako kuhusu kipimo cha PSA, ni cha damu tu, na mnaweza kwenda wawili wawili mkisindikizana.