Nyanya ikinyauka kwenye tope, usiongeze maji

Wenzangu wa Dodoma mnaolima udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka kiangazi na kunata miguuni wakati wa mvua: maji ya Januari yakituama, ukaona nyanya imelegeza majani mchana ilhali chini ni tope, usimwagilie. Mizizi imekosa hewa, haiwezi kuvuta maji hata yakiwa tele. Ng'oa mche mmoja uangalie. Mzizi uliooza ni wa kahawia, na ukiuvuta kwa vidole ganda linachomoka, unabaki uzi mwembamba.

Nyanya na hoho ndizo dhaifu. Siku mbili tatu ndani ya maji zinaweza kuzimaliza. Bilinganya huvumilia zaidi, ndiyo maana wapo wanaobebesha nyanya juu ya shina la bilinganya, yaani wanakata kilele cha mche wa nyanya na kukiunganisha na shina la bilinganya lenye mizizi yake. Ukijaribu, kiungo kikae juu ya udongo. Kikifukiwa, nyanya itatoa mizizi yake yenyewe na kazi yote imepotea.

Bondeni kabisa weka magimbi. Mimi nyanya napanda kwenye matuta ya sentimita 30, na mfereji nachimba kabla ya mvua za Desemba, maana udongo huu ukishalowa, jembe halinyanyuki.